Vifaranga wa Zambarau

Jumamosi, 2 Novemba

Marehemu Wote. Anselm, mwanangu wa kwanza, amekuja kutoka Dar kumwombea baba yake. Tumerudi kutoka makaburini tumekuta sufuria ya maharage imeungua, moshi mpaka chumbani. Nilisahau jiko. Hutokea. Anselm akasema haitokei kwa wengine, kwangu hutokea kila akija.

Daftari hili nilipewa na nesi wa kliniki niandike vidonge vya presha. Shule sikwenda, herufi nilifundishwa na katekista ili niweze kusoma sala. Lakini kidonge ni neno moja na mstari ni mrefu. Panapobaki nitajaza habari.

Habari ni hii. Anselm anataka nihamie kwake Kimara, ghorofa ya tatu. Nikauliza kuku watakaa wapi. Akasema kule kuku wananunuliwa wakiwa wameshachinjwa. Nikamtazama mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Nikamwambia siondoki, kuku wangu mweusi ameangua juzi, vifaranga kumi. Akasema, mama, kuku wako huwa wanakufa wote. Ni kweli, lakini hakutakiwa kusema mbele ya jirani. Maana Dafrosa alikuwa kwenye kigoda chake upande wa pili wa minyaa, anasikiliza kila neno kama taarifa ya habari. Ni mjane kama mimi, jumuiya moja, ua mmoja kati yetu.

Basi nikaapa. Majilio yakianza Anselm atarudi. Akiwakuta wote kumi, asitaje Kimara tena mpaka nife. Akipungua hata mmoja, nafunga sanduku. Tumepeana mikono. Dafrosa akasema yeye ni shahidi. Nani alimwomba?

Basi la Anselm lilipoondoka ndipo nikafikiri kwamba ningesema nusu.

Kidonge: nimemeza. Dafrosa alinikumbusha kwa kelele. Ana sauti mbaya.

Jumatatu, 4 Novemba

Tisa.

Mmoja amezama kwenye bakuli la maji. Bakuli dogo, lakini naye alikuwa mdogo. Dafrosa aliniambia tangu Jumapili niweke vikokoto kwenye maji ili wanywe bila kuzama. Nilikuwa niweke. Sikuweka kwa sababu alisema yeye.

Sasa nimeweka. Alipouliza nimewaza nini, nikasema nimeota.

Kidonge: nimemeza.

Jumatano, 6 Novemba

Wanane. Mwewe.

Anakaa juu ya mwembe mkuu wa njia ya Ujiji, ule waliouacha watu wa misafara. Walikula maembe wakatupa kokwa wakaenda zao, na sisi tukabaki na mwewe. Ameshuka kama jiwe, nikiwa napepeta mchele nyuma ya nyumba.

Dafrosa naye ana vifaranga wa wiki hiyohiyo, kumi na mmoja, wa kuku wake mwekundu. Hajapoteza hata mmoja. Siri yake haina akili yoyote: anakaa nao kutwa, fimbo ndefu mkononi. Huo ni uvivu tu umepewa fimbo. Mimi nina kazi.

Nahitaji njia ya akili.

Kidonge: nimemeza.

Alhamisi, 7 Novemba

Njia imepatikana. Minza wa jumuiya yetu, aliyeolewa kutoka Igunga, anasema kwao vifaranga hupakwa rangi. Mwewe akiwaona haoni kifaranga, anaona kitu asichokijua, anaogopa.

Nimekwenda duka la dawa kwa Shamila, binti mpole, akaniamkia vizuri. Nikaomba GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Akauliza kidonda kipo wapi. Nikasema vipo vinane na vinakimbia. Alinipa chupa tatu bila kuuliza zaidi.

Kupaka si kazi rahisi. Kifaranga hakubali. Nimepaka vifaranga, mikono, gauni la kanisani ambalo sikupaswa kulivaa, kigoda, na paka aliyepita tu. Lakini wamependeza. Zambarau kama kanzu ya padre ya Kwaresima.

Nikamwachia mama yao. Hakuwajua. Aliwadonoa, akawapita, akazunguka ua mzima akiwaita, nao nyuma yake wanalia. Dafrosa akaegemea minyaa. Akasema, Mama Anselm, umewatoa watoto kwa mama yao mchana kweupe.

Nilifikiria kumpaka na mama. Amekataa, nina alama mkononi. Magharibi ilipoingia nikamfunika nao kwenye tenga. Gizani hakuna rangi. Kimya. Akawakumbatia wote. Mimi nilijua tangu mwanzo itakuwa hivyo.

Kidonge: Dafrosa kapiga kelele tena.

Jumapili, 10 Novemba

GV haitoki kwa sabuni, wala limao, wala majivu. Nimepokea Komunyo nimeficha mikono ndani ya kitenge. Nje ya kanisa mzee Silasi akaiona hata hivyo. Akauliza mwaka huu nimepiga kura mara ngapi.

Wanane bado. Mwewe yupo mtini, anatazama, hashuki. Nimemwambia Dafrosa kwamba akili imeshinda fimbo. Akasema tutaona.

Kidonge: nimemeza.

Alhamisi, 14 Novemba

Saba.

Mwewe alikuwa haogopi. Alikuwa anafikiri. Leo amemaliza kufikiri. Nimemwona akipita juu ya bati la Dafrosa na kitu cha zambarau kuchani, kinang'aa vizuri na jua.

Dafrosa hakusema neno. Angesema ningepata la kumjibu.

Kidonge: nimemeza.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimepanga jambo. Naliandika kwa sababu si wizi.

Nilichukua chungu kibovu, nikakijaza mabua na kinyesi cha ng'ombe, nikakifudikiza juu ya kichuguu kule nyuma. Asubuhi kimejaa mchwa. Vifaranga wanapenda mchwa kuliko watu wanavyopenda pilau. Nikawamwaga mchwa karibu na minyaa, penye tundu.

Kifaranga mmoja wa Dafrosa akapita tunduni. Hakuna aliyemshika mkono. Kaja kwa miguu yake, kala, kashiba, kapakwa.

Wanane.

Kidonge: nimemeza. Nilimeza mapema ili asipate sababu ya kuchungulia.

Jumanne, 19 Novemba

Yule mgeni analia kutwa. Kuku mwekundu anamwita kutoka ng'ambo, naye anamjibu. Wanaongea hivyo tangu alfajiri kama watu wenye vifurushi vya simu.

Dafrosa akaja na kigoda chake. Akauliza kilio ni cha nani. Nikasema ana gesi tumboni. Akawahesabu wake kwa sauti, polepole, huku ananitazama mimi na si kuku. Akafika kumi, akaishia hapo. Akatazama vidole vyangu.

Nikangoja matusi. Nilikuwa nimeandaa ya kwangu.

Badala yake akauliza, je, Anselm akija akakuta pungufu? Nikasema hapatakuwa na pungufu. Akasema amesikia Kimara mtu akitaka kumwamkia jirani lazima abonyeze kengele. Nikamwambia ashughulike na ya kwake. Akaondoka na kigoda.

Jioni nilipika nsansa, mboga za kunde zilizokaushwa, nikazitia karanga. Nikampelekea bakuli, maana ana tabia ya kula ugali na chumvi akiwa hana raha. Nikamwambia zilinizidi. Akasema chumvi imepungua. Amekula zote.

Kidonge: nimemeza.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua ya kwanza kubwa. Banda linavuja upande niliosema nitaziba. Asubuhi wawili wamelala ubavu, wamelowa kama pamba. Mmoja nilimweka kifuani ndani ya gauni, nikakaa jikoni karibu na moto mpaka saa za chakula. Haikusaidia.

Sita. Na mmoja kati ya sita si wangu.

Nimeshusha sanduku la bati la marehemu. Nimeweka vitenge viwili na picha ya kipaimara cha Anselm. Nikavitoa. Nikavirudisha. Ghorofa ya tatu. Nani atanipigia kelele za kidonge kule? Si kwamba nazipenda.

Leo nimehesabu vifaranga kwa sauti mara nyingi, nikidhani nimekosea. Minyaa haina masikio lakini Dafrosa anayo.

Kidonge: sikumbuki. Dafrosa anasema nimemeza.

Jumapili, 24 Novemba

Kristo Mfalme. Tukitoka kanisani Dafrosa akaniuliza, kana kwamba anauliza bei ya nyanya, ile dawa ya zambarau niliinunua wapi.

Nikajua. Mwishowe ameona. Fimbo imemchosha, anataka akili. Nikamwelekeza kwa Shamila, nikamfundisha na namna ya kupaka: anza na kichwa, malizia mkia, usivae gauni la kanisani. Alinisikiliza kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake.

Mtu akiiga, umeshinda. Ila sijui nimeshinda nini, sanduku bado liko chini.

Kidonge: nimemeza.

Alhamisi, 28 Novemba

Saba!

Nimehesabu mara mbili. Saba, wote zambarau. Mmoja rangi yake bado mbichi kidogo, lakini kuna umande.

Nimeelewa. Hawakufa wote. Mwewe alimdondosha yule wa zambarau, akajificha kwenye minyaa siku zote hizi, sasa amekumbuka kwao. Rangi inawakumbusha kwao. Minza hakuniambia faida hii.

Kidonge: nimemeza.

Ijumaa, 29 Novemba

Wamerudi wengine. Wote kumi!

Nimerudisha sanduku juu. Picha nimeitundika.

Jioni tulikuwa na jumuiya kwa Minza. Dafrosa akashika rozari, vidole zambarau mpaka kwenye kiwiko. Nikacheka ndani ya Salamu Maria. Amepaka kwa fujo, hakufuata mafundisho yangu. Na matokeo nimeyaona nilipochungulia uani kwake: wamebaki sita, na hakuna hata mmoja mwenye rangi. Yaani aliowapaka ndio waliopotea. Mikono mingine haina baraka.

Nilimwonea huruma. Nikamwambia asikate tamaa, ufugaji ni kipaji. Alikohoa sana.

Kidonge: nimemeza.

Jumamosi, 30 Novemba

Anselm kafika na basi la asubuhi. Hata chai hakunywa, kaenda uani. Akahesabu. Kumi. Akahesabu tena, anawaelekeza kwa kidole kama mtu wa sensa. Kumi. Akauliza kwa nini ni zambarau. Nikasema ni utaalamu.

Nilikuwa nimeanza kumweleza utaalamu huo ndipo kuku mwekundu wa Dafrosa akalia kule ng'ambo, ko-ko-ko, kapata mdudu. Watano kati ya kumi wakageuka, wakapenya tunduni, wakaenda kwake mbio. Wakaingia chini ya mbawa zake kama wanapajua.

Kuku mweusi wangu akabaki na watano, hata hakugeuza shingo.

Dafrosa akainuka kwenye kigoda. Akamchapa kuku wake, si sana, akasema yule ni mwizi wa watoto wa watu, tabia yake tangu zamani, asamehewe, na wale ni wa Mama Anselm, kila mtu hapa Gongoni anajua. Akawaswaga kwa fimbo warudi kwangu. Wakarudi wakilia.

Anselm akamwamkia Dafrosa, shikamoo, Mama Tobias. Akamwuliza wake wamebaki wangapi. Dafrosa akasema yeye huwa hahesabu, kuhesabu mifugo kunaleta mkosi. Anselm akatazama mikono ya Dafrosa. Akatazama ya kwangu. Akatazama tundu la minyaa. Halafu akaenda nyuma ya choo, akakaa huko, nikasikia anacheka au anakohoa. Alirudi na macho mekundu. Vumbi la safari.

Akasema, mama, umeshinda. Kaa hapa. Akasema hatataja Kimara tena. Nilimwona baadaye kwenye minyaa anaandika namba ya simu ya Dafrosa kwenye simu yake, wakinong'ona. Namuelewa. Amemwonea huruma, mama wa watu ana kuku sita.

Kidonge: nimemeza mbele ya Anselm, aone.

Jumatatu, 2 Desemba

Anselm ameondoka. Ameacha ameziba banda.

Dafrosa akaja asubuhi, salamu za mwangaluka nyingi, akazunguka mbuyu, mwisho akauliza kama ninaweza kumsaidia vifaranga kidogo, wake wamepungua. Mimi sina roho mbaya. Nikampa watano, bure, hata shukrani sikutaka. Nikamwambia achague mwenyewe. Amechagua haraka sana kwa mtu asiyejua kuku. Walimfuata wenyewe mpaka kwake. Ni kwa sababu niliwalea vizuri.

Akasimama tunduni, akasema, ahsante Mama Anselm, sijui ningefanyaje bila wewe. Nikasema si kitu.

Sasa nimemwagiza Minza mayai ya bata mzinga. Mwewe hawezi kumbeba bata mzinga. Kuku wangu mweusi amechoka, kwa hiyo yatalaliwa na kuku mwekundu wa Dafrosa. Bado sijamwambia. Nimenunua na chupa nyingine nne za GV.

Kidonge: nilikuwa nimesahau kabisa. Dafrosa akapiga kelele kutoka ng'ambo mpaka nikameza. Hakuondoka kwenye minyaa mpaka nilipomwonyesha ulimi.

Maskini. Mwanamke yule hawezi kuishi bila mimi.