Nafasi ya Tano ni Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Kocha katangaza. Timu ya gofu ya wanawake inayokwenda mashindano ya vyuo ni watu watano. Wanne wanajulikana tangu zamani. Wa tano atapatikana Ijumaa: mimi na Taratibu, raundi moja, mwenye mikwaju michache ndiye anayepanda basi. Mimi! Mwaka wa tatu! Nafasi niliyoikalia tangu mwaka wa kwanza, leo niigombanie na binti aliyefika chuoni juzi!

Taratibu ndilo jina tulilompa, kwa sababu kila kitu anakifanya polepole. Anakula polepole. Anafunga kamba za viatu polepole. Anasalimia kila mtu, hadi paka wa jikoni. Akikutana nami ananiita dada na kuinamisha kichwa kidogo. Dada! Utafikiri nina mvi. Lakini akishika fimbo, mpira unaruka kama umetumwa. Leo Kocha alisimamisha mazoezi ili tumtazame. Akasema tuone mabega hayo. Tukayaona mabega. Mimi pia nina mabega, tena tangu nizaliwe, na hakuna aliyewahi kusimamisha chochote.

Si wivu. Naandika tu yaliyotokea.

Jumanne, 4 Machi

Mama kapiga simu. Nilikuwa nimemtumia picha ya timu, mimi katikati, tabasamu zuri, wanja umekaa. Akauliza yule binti mrefu wa pembeni ni wa nani, maana anaonekana ana adabu. Nikamwambia mimi ndiye wa katikati. Akasema wa katikati anamjua, amemzaa mwenyewe, anauliza huyo mrefu. Mama yangu mzazi!

Hata hivyo nimepata dawa ya Taratibu. Wala si ubaya, ni swali tu. Kesho nitamuuliza Taratibu kama akipiga mpira huwa anavuta pumzi au anaitoa. Mtu ambaye hajawahi kuliwaza jambo hilo, akianza tu kuliwaza, kwisha habari yake. Mikono na mapafu vitagombana hadi Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuliza. Kwanza nilimmwagia sifa, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ndipo nikaachia swali. Akatulia. Akafikiri, polepole bila shaka. Akasema hajui, dada, ngoja ajaribu. Akapiga, mpira ukaenda kukaa chini ya bendera. Akasema samahani, alisahau kujichunguza. Akaniuliza, je, wewe dada huwa unavuta au unatoa?

 Na zamu ilikuwa yangu. Nikavuta. Nikajiuliza, nitoe sasa? Nikatoa. Nikaona nimewahi, nikavuta tena. Mpira wa kwanza dimbwini. Wa pili dimbwini. Wa tatu nikashikwa na kwikwi, fimbo ikachimba ardhi na bonge la udongo likaenda mbali kuliko mpira. Kepteni wetu, ambaye yuko mwaka wa mwisho na hucheka kwa pua, alicheka kwa pua. Taratibu ndiye aliyeniletea maji. Mpaka naandika hapa bado napumua kwa kukusudia. Inachosha sana.

Alhamisi, 6 Machi

Pumzi zimerudi zenyewe. Na akili nayo imerudi na mpango mpya.

Sheria ya gofu inasema hivi: fimbo kumi na nne kwenye begi, basi. Ukianza raundi na fimbo ya ziada, unaongezewa mikwaju ya adhabu hata kama hukuigusa. Na begi la Taratibu tayari lina kumi na nne kamili. Sasa, chini ya kitanda changu kuna fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Mjomba alininunulia bila kunipima. Ni ndefu mno, nikiishika mpini wake unanichoma tumbo, kwa hiyo imelala huko miaka yote pamoja na viatu vilivyokatika. Jioni wenzangu walipokwenda bwaloni kula, nikasingizia tumbo. Nikaingia stoo ya vifaa, nikaitumbukiza kwenye begi la Taratibu, ndani kabisa, nyuma ya mwavuli. Kesho tukifika shimo la pili nitasema, jamani, mbona begi hili zito, hebu tuhesabu! Nimeufanyia mshangao mazoezi mbele ya kioo. Unanikaa vizuri.

Tena huyo binti ana udhaifu mmoja, Mungu si Athumani. Mbali ni hodari, ila akikaribia shimo anaharibu. Fimbo yake ya kusukumia ni fupi, aliachiwa na binamu yake, na yeye alivyo mrefu anajikunja kama anatafuta sindano sakafuni. Basi aharibu, na adhabu juu. Nguo za safari nimeshazipiga pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Sina hata hamu ya kuandika.

Kabla ya kuanza, Taratibu alilaza begi lake nyasini, akatoa fimbo mojamoja na kuzihesabu. Kumbe huzihesabu kila siku! Mtu gani anahesabu fimbo kila siku? Akaikuta. Akaigeuzageuza. Mimi nikajifanya hamnazo, natazama mawingu. Nilichosahau ni kwamba kwenye mpini niliwahi kuchora ua kwa rangi ya kucha, zambarau. Timu nzima inalijua ua langu. Nimelichora kwenye kila kitu changu, hadi ndoo ya kuogea. Lo!

Akanijia machozi yakimlengalenga. Akasema mbele ya Kocha na wote kwamba hajawahi kutendewa wema kama huu. Kwamba alikuwa anaona aibu kusema fimbo yake ni fupi, na dada kaona bila kuambiwa, tena kampa siku ileile anayoshindana naye. Kocha akajishika kifua. Kepteni hakucheka, si kwa pua wala kwa mdomo. Ningefanya nini? Nikajikaza kisabuni, nikasema si kitu, mdogo wangu, itumie tu.

Akaitumia! Ile fupi akaiweka kando, akasimama wima kwa mara ya kwanza, na mipira ikaanza kutumbukia. Huu, na huu, na huu tena. Kila mmoja unapotumbukia, ananigeukia na kunipungia mkono. Nami nilipigana, sitaki uongo. Nilicheza kama sijawahi kucheza, na tulipofika shimo la mwisho alikuwa mbele yangu kwa mkwaju mmoja tu. Mpira wake ulikuwa mbali. Nikasema hapa hapiti. Akaugusa, ukapanda mwinuko, ukashuka, ukazunguka ukingo wa shimo ukijifikiria, ukaingia. Kwa fimbo yangu! Yenye ua langu!

Nafasi ya tano imekwenda. Nililia bafuni, nimefungulia maji wasinisikie. Kutoka, namkuta Taratibu mlangoni ananisubiri na taulo. Hata kulia kwa nafasi haniachii.

Jumatatu, 10 Machi

Nitakwenda mashindanoni. Kama mbebaji wa begi la Taratibu. Kocha anasema tunapatana sana, itamtuliza. Itamtuliza! Huyo atulizwe vipi tena, si atalala kabisa?

Chuo kizima kinanisifu. Mpishi wa bwaloni kaniongezea upawa wa mchuzi bila kuombwa. Mwalimu wa hesabu kaniita mfano. Ningekuwa mtu mwingine ningefurahi, lakini kila sifa inaanza na jina lake. Eti yule aliyemsaidia Taratibu. Mama naye kapiga, habari zimemfikia. Kasema siku hizi nimekuwa na utu, bila shaka nimeiga kwa yule mrefu.

Jumamosi, 15 Machi

Mashindano. Jua kali, begi zito, bega limechubuka. Taratibu alitaka kunisaidia kulibeba. Nikakataa, nina heshima yangu.

Tulifika shimo la mwisho tukiwa sare na chuo cha jirani, na mpira uliobaki ni wake peke yake. Ukatua chini ya mti, juu ya majani makavu. Akainama aondoe kijiti kilichokuwa kando. Mpira ukayumba, ukasogea upana wa ukucha. Hakuna aliyeona. Mwamuzi alikuwa anafuta miwani yake. Niliona mimi, akaona yeye. Nikamkonyeza, kwamba piga twende zetu. Akanitazama kama haelewi, akainua mkono, akamwita mwamuzi na kusema ameusogeza mpira mwenyewe. Mkwaju mmoja wa adhabu. Na kwa mkwaju huohuo mmoja tukashindwa. Kombe likaenda kwa jirani.

Nikasema moyoni, sasa leo watamtambua! Kocha atammeza mzimamzima! Kumbe wapi. Watu walisimama. Makofi! Wapinzani wetu waliweka kombe chini ili wapate mikono ya kumpigia makofi. Mkuu wa waamuzi, mzee wa watu, akavua kofia. Kocha analia, Kepteni analia, wamemkumbatia huku na huku. Mpiga picha akaomba dada mwenye begi asogee, anamziba.

Na mimi niliuona ule mpira ukisogea. Nikanyamaza kwa faida ya timu. Nani amenipigia makofi?

Jumapili, 16 Machi

Mama kapiga mapema. Picha imemfikia. Anauliza kama itafaa aikuze, aitundike sebuleni. Nikamwambia mimi simo. Akasema analiona begi, na mkono mmoja.

Roho iliniuma hadi chai ikapoa. Halafu, hapohapo, nikaelewa kila kitu. Nimekuwa mjinga! Siri haikuwa mabega. Haikuwa fimbo wala utulivu. Siri ni kukiri! Mtu anasema nimekosa, dunia nzima inasimama na kumpigia makofi. Kazi ndogo hivi, na mimi nahangaika wiki mbili!

Basi kesho mazoezini ni zamu yangu. Nitainua mkono, nitamwita Kocha mbele ya wote, nami nitakiri kosa langu. Tena kubwa kuliko la Taratibu. Sauti itetemeke kidogo, machozi nitayazuia hadi mwisho. Kepteni atajuta kunicheka. Lisilo sawa ni moja tu. Tangu asubuhi nimekaa na kalamu mkononi, nimeyapekua maisha yangu ya hapa chuoni, bwenini, stoo, uwanjani, kote, na sijaona kosa hata moja nililowahi kufanya.

Itabidi nibuni.