Dirisha la Kwapani

Jumatatu, 6 Mei

Nimeiona leo. Picha ya kufunika ukuta wa jengo letu! Yaani jengo ninaloishi mimi, mume wangu, binti yangu na kamba yetu ya kuanikia. Imetoka kwenye mashine pale karakana, vipande sita, kila kimoja kirefu kama jengo lenyewe. Kazi yangu inajulikana. Naunganisha vipande kwa pasi ya moto, nakunja pindo, nagonga pete za chuma za kupitishia kamba. Miaka tisa. Hakuna turubai langu lililowahi kupasuka. Upepo wenyewe unaniheshimu.

Tangazo ni la manukato ya kwapa. Mwanamke mzuri, kainua mkono, kafumba macho, kama mtu anayepimwa homa. Kwapa lake safi, sina neno nalo. Ila ni pana kama chumba.

Nikaiendea ile karatasi ambayo Bosi hubandika ukutani, yenye jengo zima na madirisha yote yamechorwa juu ya picha. Nikahesabu kwa kidole. Ghorofa ya tatu, dirisha la pili kutoka kulia. Nikahesabu tena kwa kidole cha mkono mwingine. Palepale. Dirisha la sebule yangu liko katikati ya kwapa!

Nikaangalia wenzangu. Mwenye jengo, jirani yangu wa kulia, aliyetia saini ukuta wetu ukodishwe: kapata bega. Fundi saa, chini yangu, ghorofa ya pili: maua meupe yanayozunguka chupa. Na Mama Zulia wa ghorofa ya nne, juu ya kichwa changu, mwanamke anayewavua wageni viatu kabla hawajamaliza kubisha hodi? Hereni ya dhahabu. Kubwa kama karai.

Na Jumamosi wakwe wanakuja! Kutuona, kuona tunapoishi, kukata shauri kuhusu binti yangu na kijana wao. Mama wa kijana alikuwa mwalimu mkuu. Nasikia hata chai huipa maksi. Na mimi kwa mdomo wangu nilimwambia kwenye simu dirisha letu ni lile lenye maua, utaliona tangu barabarani. Nilikuwa na maana ya vikopo vyangu viwili. Sasa ataona nini? Mkwe wake anatolewa kwapani!

Sina wasiwasi. Nimelia kidogo tu, jikoni, kwa sababu ya kitunguu. Mtu anayekunja ukuta mzima hashindwi na kwapa moja.

Jumanne, 7 Mei

Nimeanza na njia ya amani. Nikamwendea dada wa kompyuta, anayezipanga picha, nikamwomba amsogeze yule mwanamke juu kidogo, hata ghorofa moja. Akaniambia mteja ameshakubali na vipande vyote vimeshachapwa. Nikamuuliza kama yeye ana binti. Akasema ana paka.

Mungu hamtupi mja wake. Mchana akaja mwakilishi wa mteja, kavaa suti, kuja kuangalia rangi. Nikampelekea kiti. Nikampelekea maji. Nikamwambia kwa upole kuwa mimi ni mwanamke na nawajua wanawake, na huyu angependeza zaidi akishusha mkono. Akafikiri. Akaniuliza akishusha mkono sisi tutakuwa tunauza nini. Nikasema tabasamu. Bosi akanituma stoo nikahesabu pete.

Zipo elfu moja mia mbili na nne. Nilikuwa na muda wa kuwaza.

Nyumbani nikamweleza binti. Akacheka mpaka akakaa chini. Anasema wale watu hawaji kuoa ukuta. Mtoto huyu ni muuguzi, anashinda na watu wenye maumivu ya kweli, ndiyo maana haoni hatari. Siku ya kwanza ya shule nilimpeleka na sare ya kuazima. Wenzake walijua kabla hatujafika getini. Alilia yeye, mimi nikalia zaidi. Hilo kalisahau. Mimi sijasahau. Hatazamwi tena mtoto wangu hivyo.

Jumatano, 8 Mei

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama!

Turubai huning'inizwa kutoka juu ya paa. Ncha ya juu hukunjwa, ikagandishwa kwa pasi, ukabaki mfuko, bomba la chuma likapita humo. Pindo lenyewe ni kiganja na nusu. Sasa, je, nikikunja ghorofa nzima? Ukikata nywele, kichwa hakishuki. Lakini ukikunja turubai juu, vyote vilivyo chini vinapanda! Kwapa linakwenda nne kwa Mama Zulia. Hereni inakwenda tano, kwa yule bwana asiyesalimia. Hesabu sikusoma sana, ila kupanda na kushuka nakujua.

Wenzangu wawili wa mezani wakauliza mbona tunakunja hatua nne badala ya kiganja. Nikawaambia agizo limetoka juu. Si uongo. Lilitoka kichwani mwangu.

Tukakunja, tukapiga pasi, mfuko wa bomba nikauacha kiganja na nusu kama kawaida. Pindo limenyooka kama barabara ya wakubwa. Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa!

Asubuhi Bosi katangaza kuwa kila pindo litapimwa kwa futi kabla ya kutoka, maana wiki jana bomba lilikataa kuingia. Mpimaji ni Popo, mkuu wa wapanda kamba wanaotundika matangazo. Wanamwita hivyo kwa sababu hushinda akining'inia, na miguu yake ikigusa ardhi husinzia. Nikamwona kwa macho yangu ameinama kwenye turubai langu na futi. Anapima, anatikisa kichwa, anaandika. Nikajua nimekwisha. Litakunjuliwa, kwapa litarudi nyumbani.

Wakati mwingine mama hulazimika kumeza mate machungu. Nikapanda ghorofa ya nne. Nikavua viatu. Nikamsifu Mama Zulia zulia lake, nikasifu mapazia, nikasifu hereni atakayoipata, kana kwamba ni yeye aliyeichonga. Kisha nikaomba: Jumamosi aniazime sebule, niwapokee wakwe humo kama kwangu. Akakubali kwa masharti. Awe shangazi wa bibi harusi. Aketi kulia kwangu. Akitajwa, atajwe kwa sauti.

Nikakubali yote. Nikampigia simu mkwe, nikamwambia ni ghorofa ya nne. Akasema "sawa" moja tu, ile ya mwalimu anayefunga daftari.

Nikawaambia na wa nyumbani. Mume wangu kasema goti lake halipandi ghorofa ya nne kwa ajili ya kwapa. Binti hakucheka safari hii. Akanitazama.

"Mama, mimi nimelelewa ghorofa ya tatu, nitaposwa ghorofa ya tatu. Wewe panda."

Ukaidi huo sijui kautoa wapi. Atabadilika. Mimi ni mama yake, najua.

Ijumaa, 10 Mei

Leo wametundika. Nikatoka kazini mapema, nikasimama ng'ambo ya barabara, mkono kifuani. Popo na mwenzake wakaliachia kutoka paani, likashuka taratibu, likatanda. Lile turubai lina matundu madogo ili upepo upite na sisi wa ndani tuone nje. Ni zuri, jamani. Kazi ya mikono yangu!

Kisha nikahesabu madirisha.

Popo alipima mfuko wa bomba tu. Mfuko ulikuwa sawa, kiganja na nusu. Kwamba nyuma yake imekunjwa ghorofa nzima, hakutazama. Alikuwa anatikisa kichwa kwa usingizi!

Kwa hiyo hila yangu imefaulu. Yule mwanamke hana paji la uso, kule chini kabisa kuna ukuta mtupu, na kwapa limepanda. Liko nne. Kwa Mama Zulia. Nilikowaelekeza wakwe.

Na kwangu, ghorofa ya tatu? Maua! Maua meupe, kila moja kubwa kama mwavuli, yamezunguka dirisha langu pande zote. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Muuza magazeti akaniuliza kama nimefiwa.

Nikampigia mkwe nimrudishe ghorofa ya tatu. Simu imezimwa. Nimejaribu mara kumi na moja. Mwalimu mkuu hulala saa mbili.

Nikapanda kwa Mama Zulia nione hali. Hajatoka nje kutwa, anasugua vikombe. Kwa ndani huoni picha, unaona rangi ya maji ya kunde tu, kama jioni imeingia mapema. Akauliza hereni imekaaje. Nikasema imekaa. Ameshanunua gauni la ushangazi, nimwambieje?

Hakuna lililoharibika. Wageni hupanda ngazi wakitazama miguu. Watakuwa ndani kabla hawajajua wamepita wapi.

Jumamosi, 11 Mei

Ya leo ni mengi, ila si mabaya. Nipange vizuri.

Saa nne nilikuwa nimeketi kwa Mama Zulia, miguu mitupu juu ya zulia, viatu vyangu kavifungia kabatini. Biskuti ziko kwenye sahani. Shangazi kaketi kulia, gauni linang'aa. Saa nne na nusu, hakuna mtu. Saa tano, hakuna. Nikaanza kusikia jasho. Pale mahali penyewe, nilijiambia, panafaa.

Ghafla dirishani ikashuka miguu. Kisha kiuno. Kisha Popo mwenyewe, ananing'inia kwenye kamba. Bosi kamtuma aje kujua paji la uso la mwanamke limekwenda wapi. Akachungulia kwenye matundu, akaniona.

"Shikamoo, mama. Mbona umekaa kwapani, na wageni wako wako chini kwenye maua?"

Mama Zulia akaniuliza kwapani wapi. Akatoka kwenda barabarani kujionea, na ufunguo wa kabati mfukoni. Mimi nikamuuliza Popo wageni gani. Akasema amewapita sasa hivi akipanda ngazi kwenda paani, mlango wetu ukiwa wazi: mama mmoja na miwani, kijana, na watu wawili. Wako na mzee. Wanacheka.

Nikashuka ngazi miguu mitupu. Mimi! Mama wa bibi harusi!

Kumbe mkwe aliegesha gari, akatazama ukuta, akaona dirisha la maua kama nilivyomwambia mwanzo. Akasema hiyo nne itakuwa mtandao wa simu ulikuwa mbaya, maua hayadanganyi. Akaja moja kwa moja. Mlango kaufungua binti yangu, na aproni yake, mikono ina unga. Mume wangu kawaketisha. Na kwa kuwa hajui kunyamaza akiwa na wageni, kawasimulia yote. Karatasi ya ukutani, pete, pindo, Mama Zulia, yote!

Nikasimama mlangoni. Kila mtu akatazama miguu yangu. Nikawa nipo tena kwenye lile geti la shule. Nikatafuta pa kuweka mikono.

Mkwe akainuka. Akavua viatu vyake, akaviweka kando ya mlango, akaja mpaka niliposimama.

"Kwapa kila mtu analo, mwenzangu. Wewe tu ndiye uliyelipandisha ghorofa."

Akanikumbatia. Ana nguvu kwa mwalimu. Akaniambia sikioni kuwa mama anayekunja ukuta kwa ajili ya mwanawe, huko ndiko anakotaka mwanawe aoe. Nililia, na safari hii hakukuwa na kitunguu. Binti alicheka na kulia pamoja, unga mpaka puani.

Shauri limekatwa. Harusi tarehe 20 Julai. Msafara wa kumchukua bibi harusi utaanzia mlangoni petu, ghorofa ya tatu.

Mama Zulia hasemi nami. Ila saa kumi alituma ujumbe kwa mume wangu kuwa bado ni shangazi. Viatu vyangu vingalipo kwake.

Jumatatu, 13 Mei

Bosi kaniita. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, nilishaaga hata meza. Akanitazama, akalitazama pindo kwenye picha ya simu yake, akasema kwa miaka yote hajaona pindo refu lililonyooka namna ile. Kisha akasema nilikunjue mwenyewe, kwa mikono yangu, lirudishwe ukutani Jumatano. Na kuanzia leo Popo atapima turubai zima, juu mpaka chini, akiwa macho.

Nimekubali. Nimekosa, nimekiri, nimejifunza. Nimemwambia Bosi hivyo, na binti, na mkwe kwenye simu. Hila basi.

Nikarudi mezani, turubai limeshashushwa, nikaanza kukunjua. Tangazo litakaa mpaka mwisho wa Agosti. Harusi ni Julai. Kwa hiyo msafara utafika, magari na mapambo na mpiga picha, na bibi harusi wangu atakuwa anatoka wapi? Palepale.

Nikaitazama tena ile karatasi ya ukutani. Kushoto kwa bega kuna kwapa, kulia kwa kwapa kuna bega, na kwenye bega anakaa mwenye jengo. Ndiye aliyetia saini. Ni haki yake.

Ukikunja juu, picha inapanda. Je, ukikunja upande wa kulia, upana wa dirisha moja tu?

Juu Popo anapima. Chini anapima. Upande, kwa miaka tisa, sijaona mtu akipima.