Ku Beni Tutapiga à l'oreille

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Shida imeingia mu chorale. Iko na jina: Siméon. Maestro mupya, katoka Lubero, mwembamba, viatu vimepakwa rangi mpaka unajiona ndani. Anatembea na kafimbo mukononi. Kafimbo ya nini? Maestro wa zamani, yule alihamia Kasindi, alituongoza na mikono mitupu miaka kumi na tano na hakuna mutu alikufa.

Leo akasema: Jumapili tunatoka hapa Butembo, tunaenda Beni, kuimba siku ya kufungua kanisa mupya. Bamama tukapiga vigelegele. Kiisha akasema gari iko na nafasi kumi na nane. Sisi tuko makumi mbili na sita. Vigelegele vikakauka. Akasema batapanda paka bale tu banajua kusoma solfège, muziki ya ku karatasi. Test Alhamisi.

Mimi sikukaa ku shule hata siku moja. Herufi hizi ninaandika, nilifundishwa na mifuko ya sementi na kitabu ya nyimbo. Solfège haikuandikwa ku mufuko ya sementi.

Mais lazima nipande! Binti yangu wa mwisho, Léa, amezaa mutoto wake wa kwanza ku Beni. Mumbere. Iko na miezi saba na mimi nimemuona paka tu ndani ya telefone, kichwa chini, miguu juu. Na mwana wangu Kamate ameapa: Mama hapande pikipiki, hapande taxi, barabara ile Mama ataipita mu convoi, magari mengi pamoja na basoldat mbele, ao hataipita. Chorale inaenda mu convoi. Donc ni chorale ao hakuna.

Virginie, mujane wa mwalimu, mwenye miwani ya kamba, akaniuliza kwa sauti ya asali kama ninajua do inaanzia wapi. Nikamuambia inaanzia pale mudomo yake inaishia.

Jumatano, tarehe 6

Karatasi ya wimbo Siméon alitugawia, nimeiangalia siku mbili. Mistari tano kama kamba ya kuanika nguo. Juu yake maharagi nyeusi yenye mikia. Ingine imefungwa mbili mbili kama mbuzi ya soko. Mukamwana wangu Providence akasema haragi likipanda, sauti inapanda. Nikamuuliza: na likiwa na wadudu? Akacheka. Bakamwana ba leo banacheka mbele ya mama-mukwe! Nikamuwekea kiazi kubwa kuliko zote, juu alicheka vizuri.

Mupango: nitasimama karibu na Virginie. Akifungua mudomo, na mimi. Akifunga, na mimi. Providence akakubali kuwa Virginie ili nijaribu. Ole! Providence anaimba kama mulango ya stoo. Tulijaribu mpaka Kamate akatoka kwenda kula inje, na mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi, tarehe 7

Aka! Akatuita mumoja mumoja. Mupango ikafa mulangoni.

Nikashika mupango ya pili pale pale: miwani. Nikaazima ya Virginie, nikasema jicho yangu inalia. Hakuweza kukatala mbele ya batu. Nikavaa. Yesu Maria! Siméon akawa bawili. Nikaimba wimbo ninaijua tangu ubatizo ya Kamate, kwa nguvu yote, kidole kinatembea ku karatasi. Siméon akauliza ninasoma mustari gani. Nikasema ile ya chini kabisa.

Kumbe ya chini kabisa ilikuwa jina na namba ya telefone ya nyumba ya fotokopi.

Balicheka! Paulin, mupiga kinanda, akaanguka juu ya kinanda na kinanda ikalia yenyewe. Nikarudi nyumbani bila kuaga. Nikalia kidogo mu jikoni. Nilikuwa ninakata vitunguu, donc hakuna mutu aliniuliza kitu.

Jumamosi, tarehe 9

NINAPANDA! Liste imebandikwa ku mulango ya kanisa. Jina yangu ni namba kumi na nane, ya mwisho, imeandikwa na kalamu ingine. Siméon aliniambia karatasi wewe Koko Kahongya hujui, lakini sauti ya alto yenye kusimamisha ukuta hajasikia ingine kama hii. Nikamukumbatia mpaka kafimbo ikaanguka. Kifua ikawa nyepesi, kama mutu ametua kitunga ya mihogo amebeba tangu Vuhovi.

Nafuu haikumaliza saa moja.

Nilikuwa nyuma ya sakristia ninatoa jiwe mu kiatu. Nikasikia Siméon anamuambia Paulin: machine ya fotokopi imekufa, karatasi hakuna. Haizuru. Kesho ku Beni tutapiga à l'oreille, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mutu akipotea, tutapiga tu à l'oreille. Na Paulin akacheka! Akasema yeye njo anapenda ile, kuliko hata karatasi.

Mbio kwa Providence. Nikamuuliza oreille ni nini mu Kifaransa. Akasema sikio.

Sikio! Kupiga sikio! Bamama bazima, benye bajukuu, mbele ya Askofu! Sasa kafimbo nimeielewa.

Nibaki nyumbani? Na Mumbere? Hapana. Bapige. Nilizaa batoto saba, sikio moja ni kitu gani? Mais mutu anajitayarisha. Nimenunua pamba ku pharmacie, pakiti kubwa. Na vitambaa viwili vya kichwa, kimoja juu ya kingine.

Virginie simuambie. Ajitetee na solfège.

Jumapili, tarehe 10. Kwa Léa!

Mu gari nilikaa karibu na Virginie. Kila barrière ya basoldat alikuwa anafunga macho na kunishika mukono, kucha ndani ya ngozi. Nikaangalia sikio yake. Kadogo, kama uyoga ya asubui. Moyo ikanishinda. Nikamupa pamba, nikasema ni ya vumbi. Akaweka. Basi bamama bote ba alto bakaomba, juu Virginie mwenye kusoma ameweka. Donc alto muzima, bamama saba, masikio yamezibwa tii.

Tulifika salama. Barabara ilinyamaza njia yote. Nilipoona nyumba ya kwanza ya Beni, nikatoa pumzi yenye nilibeba tangu Butembo.

Kanisa imejaa mpaka ku madirisha. Siméon akasimama mbele yetu. Akatuangalia. Akainua kafimbo. Nikasema moyoni: njo hii! Nikafunga macho nikalia: Eeeee Bwanaaa!

Kumbe zamu ilikuwa ya babaume.

Bamama ba alto habasikii kitu, banaangalia paka mudomo yangu. Nao: Eeeee Bwanaaa! Nikafungua macho. Kafimbo ilikuwa bado juu, inatetemeka. Nikaendelea! Mutu anaimba, utamupiga namna gani? Nilipomaliza maneno ya wimbo nikaweka yangu: Bwana umetupitisha, Bwana umefunga macho ya babaya, Bwana nionyeshe Mumbere. Paulin akaangalia kulia, akaangalia kushoto, vidole vikatafuta, vikatafuta, vikapata. Muguu yake ikaanza kuruka. Kiisha ngoma, nikaisikia ku tumbo. Kanisa yote ikasimama. Niliona meno ya Askofu. Lakini kusikia, sikusikia kitu.

Kiisha Misa Siméon akanikumbatia yeye mwenyewe. Akaongea sana, machozi mu macho. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ninachunga mikono yake yote miwili.

Na pale mulangoni, Léa! Na Mumbere mugongoni! Nikamunyanganya pale pale. Nzito kama kitunga ya viazi. Akaniangalia kama polisi anaangalia kitambulisho. Kiisha akaingiza mukono mu kitambaa changu, akavuta pamba, akaiweka mu mudomo. Nikasikia Léa anapiga kelele nimutoe ile kitu, na Mumbere anacheka.

Kitu ya kwanza nilisikia ku Beni. Miezi saba nilikuwa ninaitafuta.

Jumatatu, tarehe 11. Parking ya Beni, tunangoja convoi

Usiku nililala na Mumbere juu ya tumbo. Hakuna mutu alilala kama mimi mu Kivu yote.

Asubui Léa alinieleza, alicheka mpaka akakaa chini. Kupiga à l'oreille ni kupiga bila karatasi: unasikiliza mwenzako, unaingia pale wimbo inakuita. Akasema hata ku bureau yake ya kazi banasema vile, siku mupango umekosa: leo tutapiga à l'oreille. Donc mutu hajui nini itakuja, lakini anaamka, anaingia. Neno nzuri. Nimeikubali. Mais nikamuuliza Léa swali moja: jana ni bamama ba alto wangapi balipigwa? Akasema hakuna. Na wangapi balikuwa na pamba? Akasema bote. Nikamuambia basi, anieleze tena.

Habari kubwa! Siméon ametangaza Noeli tunarudi Beni. Mumbere atakuwa anatembea! Nilipiga vigelegele mpaka dereva akashuka kuangalia kama pneu ya gari imepasuka. Kiisha Siméon akasema safari ile hakuna à l'oreille. Kila mutu lazima ashike clé ya sol, ile inafungua mistari tano. Na mpaka leo, mu bamama, mwenye kuishika vizuri ni Virginie peke yake.

Clé ninajua. Clé ni ufunguo. Hapo sihitaji Providence ao Léa. Na Virginie anaishika peke yake! Siku zote hizi! Na jana nilimupa pamba yangu!

Alipoenda kununua ndizi, nikafungua sakosi yake ya mukono, aliiacha ku kiti. Ilikuwa ndani, moja tu, na kauzi nyekundu. Sasa iko chini ya kitambaa changu. Noeli niko namba moja ku liste.

Virginie amemwaga sakosi yote chini. Anasema ni ufunguo ya nyumba yake, atalala wapi leo. Anajua kudanganya, mama huyu! Bamama bote banamusaidia kutafuta. Hata mimi. Mimi njo nilisema tuangalie chini ya gari.