Kamishna Trosclair Afungua Kituo cha Madai ya Kimbunga

Mheshimiwa Mkurugenzi Whitcomb wa makampuni ya bima, uliyekaa kivulini, waheshimiwa makamu wako wanne, mliokaa kivulini vilevile, Baba Padri, Sherifu wetu, Malkia wa Tamasha la Uduvi, pamoja na taji lako, mwandishi wa kumbukumbu rasmi, ambaye leo hatakosa hata neno langu moja, na mwisho kabisa, kwa kuwa nafasi ya mwisho nayo ni nafasi, wananchi wa Bayou Aubry mliosimama juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kivulini.)

Nimekuja, mimi Lucius Trosclair wa Tatu, wakili kwa kusomea na Kamishna wa Bima wa jimbo kwa kura zenu, kufungua Kituo cha Madai ya Kimbunga, ghorofa tatu mnazoziona nyuma yangu, mradi ambao katika muktadha wa mpango mkakati shirikishi wa kuwawezesha wadau wa sekta ndogo ya mapaa utahakikisha kwamba kila mwenye nyumba iliyobomoka anasikilizwa kidijitali, kwa staha, na kwa zamu. (Sauti ya mwanamke: "Lucius, utepe wako umeufunga kwenye ngazi zangu!") Asante, Bi Odile Naquin, nakuona, na fomu yako naiona, nitaifikia. ("Utaifikia lini, mwanangu? Mwisho ni leo saa kumi na moja. Nataka sahihi yako tu, kwamba upepo ndio uliobeba paa langu. Miaka mitano nalala kwenye karavani!") Nimesema nitaifikia.

Wapo wanaouliza, huyu kamishna ametoka wapi? Nimetoka mahakamani, ndugu zangu, ambako kwa miaka ishirini na miwili niliwatetea hawa waheshimiwa wa kivulini, na ndiyo maana leo nafaa kuwasimamia, maana nawajua kwa majina, nawajua wake zao, na najua kila mmoja anapenda kamba wake wa mtoni watiwe pilipili kiasi gani. (Kicheko kivulini.) Ni mimi niliyesimama katika kesi ya Naquin. Bima ile ilikuwa ya upepo, haikuwa ya maji. Paa la mlalamikaji lilikutwa juu ya ule mwaloni pale, nami kwa michoro kumi na saba na profesa mmoja nikawathibitishia wazee wa baraza kwamba lilipandishwa na maji. ("Maji yenyewe yaliishia magotini!" "Labda yaliruka!" Kicheko juani.) Chekeni. Tangu siku hiyo jimbo hili lina Kanuni ya Trosclair: kitu kinachokutwa juu ya mti baada ya dhoruba kimepelekwa huko na maji.

Na tangu niingie ofisini, malalamiko yamepungua kwa asilimia tisini na moja, ufanisi ambao wataalamu wanauhusisha na uongozi wangu na pia na uamuzi wa kuondoa namba yetu ya simu kwenye tovuti. (Mzee Clovis, kutoka nyuma: "Mimi nilipiga miezi minane, kazi yangu kusikilizishwa muziki!") Na muziki tumeuboresha, Mzee Clovis. Sasa ni wa fidla.

Najua leo ni Jumatatu, na maharage mekundu ya kila Jumatatu yanawasubiri jikoni, kwa hiyo naomba mkasi. Si huo, ule mkubwa. (Mkasi mrefu kama mguu wa mtu unaletwa na watu wawili. Utepe unakatwa. Upepo unavuma, na jengo lote linaanza kupepea.) Shikeni! Shikeni jengo! (Ghorofa tatu, turubai tupu lililopakwa rangi, zinapita juu ya vichwa vya watu na kunasa kwenye mwaloni. Zinabaki ngazi tatu za zege zisizoelekea popote, sakafu wazi, na karavani ya Bi Odile.)

Tulieni, ndugu zangu. Mwandishi, andika: upepo! Turubai lile nimelikodi kwa jina langu mwenyewe na kulikatia bima ya upepo, na ninyi nyote mmeuona upepo kwa macho yenu. (Mkurugenzi Whitcomb anasimama kwa mara ya kwanza leo: "Lucius, kaka, liko juu ya mti. Kwa kanuni yako, hayo ni maji. Na maji hayamo kwenye mkataba.") Maji yapi, Whitcomb? Wiki tatu hapa haijanyesha! ("Profesa wako bado yupo, tutamuuliza.") (Bi Odile: "Kalamu ninayo, Lucius.")

Wananchi, baada ya mashauriano ya kina kati yangu na nafsi yangu, naifuta Kanuni ya Trosclair kuanzia sasa, saa kumi na dakika ishirini. Bi Odile, lete hiyo fomu. Natia wapi, hapa? (Anatia sahihi juu ya ngazi. Vigelegele juani. Kivulini wanakusanya kofia zao.) Bima kwa wote! ("Paa kwanza!") Usikivu kwa wote! ("Paa kwanza, Lucius!")

Namaliza kwa kumshukuru Baba Padri kwa sala, Malkia kwa taji, Bi Odile kwa kutuazima sakafu yake bila sisi kumwomba, na fundi rangi aliyetujengea Kituo hiki kwa siku mbili na ndoo tatu. Mwenye ngazi ndefu nyumbani tafadhali asiondoke, atusaidie kuyateremsha makao makuu.