Mashavu ya Don Abelardo

Jumatatu, 23 Oktoba

Naapa kuandika yote humu, hata yale ya kunitia aibu. Leo Mwalimu Eulalia amenikabidhi printa ya shule! Mimi, Nube Tacuri! Na kazi ya kwanza ni nzito: kadi arobaini zenye picha ya Don Abelardo, bawabu wetu aliyefariki Machi. Mkewe, Doña Rosaura, atazigawa makaburini tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu. Picha nyingine ya mumewe hana. Jhuliana wa darasani kwetu, aliyeitaka sana kazi hii, amesema mikono yangu ni ya kushika jembe, si mashine. Nilibonyeza kitufe cha kusafisha, printa ikajisafisha mara tatu. Inang'aa.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nasafisha kila mapumziko. Printa inanguruma kama paka aliyeshiba. Mwalimu aliuliza kama imeanza kuchapa mistari mistari. Nikasema hata kidogo, ndiyo maana naisafisha, isije ikaanza. Akanipa kijitabu cha printa nikisome.

Jumatatu, 30 Oktoba

Balaa! Kumbe kila ikijisafisha inakunywa wino. Hakuna aliyeniambia. (Kijitabu chake kinasema, ukurasa wa tisa. Nilikuwa nimefika wa nne.) Tangi la wino mwekundu tupu kabisa. Kadi ya kwanza ikatoka, Don Abelardo wa kijani. Jhuliana akapaza sauti: "Jamani, njooni mwone, bawabu kageuka chura!" Darasa zima likaja. Mmoja akauliza tumtafutie dimbwi gani. Wino mpya utatoka mjini Cuenca baada ya sikukuu. Mwalimu sijamwambia. Nina mpango.

Jumanne, 31 Oktoba

Shangazi Zoila anapika kolada, uji wetu wa zambarau wa siku ya marehemu. Huutia rangi kwa maji ya ataco, ule mchicha mwekundu ambao ukigusa blauzi, blauzi ndiyo basi tena. Nikawaza: kama hautoki kwenye blauzi, utatokaje kwenye karatasi? Nikachota kikombe cha maji hayo jikoni, nikachuja kwa soksi (safi), nikajaza tangi kwa bomba la sindano.

Mashavu yamerudi! Don Abelardo mwekundu, mzima, kama katoka kuota jua. Nimechapa kadi moja tu. Thelathini na tisa kesho.

Jumatano, 1 Novemba

Sisimizi.

Safu nzima, kutoka dirishani mpaka ndani ya printa. Kumbe yale maji Shangazi alikuwa ameshayatia sukari guru na mdalasini. Mwalimu Eulalia alifungua kifuniko, akanusa, akaniuliza kwa upole kwa nini printa ya shule inanukia kolada. Nikalia. Nikasema yote, hata soksi.

Papo hapo akaingia Doña Rosaura kuchukua kadi zake. Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu akabonyeza mahali pamoja tu kwenye kompyuta, kadi zikaanza kutoka kwa rangi nyeusi peke yake. Safi! Arobaini! Wino mweusi ulikuwapo siku zote!

Doña Rosaura akazitazama, kisha akaiona ile kadi yangu yenye mashavu. Nikaanza kuomba msamaha. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Acha, mwanangu. Huyu ni Abelardo wangu akishapiga pombe yake ya mdalasini. Hao wengine nitawagawa. Huyu nakaa naye nyumbani." Akamtia kifuani, ndani ya shali.

Mwalimu hakuninyang'anya printa. Alisema sukari nitaitoa mwenyewe, yote, na kitufe cha kusafisha nisikiguse bila ruhusa. Jhuliana alinuna mpaka kengele.

Jumatatu, 6 Novemba

Wino mwekundu umefika. Sukari imetoka. Mwalimu aliniruhusu kusafisha mara moja. Nilisafisha mara tano, kwa shukrani.

Sasa wino wa manjano umekwisha.

Lakini safari hii sikurupuki. Nauliza fundi kwanza. Ukurasa huu nauchana, dereva wa basi ampelekee Mjomba Segundo, anayetengeneza printa Cuenca.

Shikamoo, Mjomba. Jikoni kwa Shangazi kuna manjano ya unga, yale ya kupikia. Nimeyaonja mwenyewe, hayana sukari hata chembe. Basi linarudi huku saa kumi. Tafadhali nijibu kwa basi hilohilo: tangi moja linataka vijiko vingapi?