Hotpoti ya Nukta Tatu

Jumapili, 7 Septemba

Presha imepanda. Si yangu tu, ya nyumba nzima. Baada ya misa nesi alikuwa nje ya kanisa na mashine yake, anapima watu bure. Mimi kitu cha bure sikipiti. 168 kwa 104! Akaniuliza kama nimetoka kupanda ngazi. Kanisa letu halina ngazi.

Mke wangu Edah alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Akaitisha kikao: mimi, yeye, binti yetu Lorine mwenye miaka kumi na minne na roho ya hakimu, na Elphas. Elphas ni kaka yake Edah. Alikuja Januari kukaa wiki mbili.

Edah akatangaza kwamba chakula cha kununua kimekwisha. Chipsi, basi. Kuku wa kukaanga anayekuja ndani ya karatasi, basi. Mandazi ya Lorine ya njiani, basi. Tutakula vya nyumbani: mboga za majani ya kunde na mrenda, samaki wa kuchemsha, ugali wa muhogo na mtama. Akanikumbusha kwamba baba yangu alikufa kwa presha akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mimi nina arobaini na saba.

Lorine akasema ahadi bila dhamana ni maneno matupu. Kila mtu aweke kitu. Atakayekula cha kununua, kitu chake kinakwenda kwa aliyeshika ahadi. Yeye akaweka simu yake. Edah akaweka rimoti ya televisheni, yaani tamthilia zake zote. Mimi nikaweka tai yangu ya bluu. Wakacheka. Elphas, ambaye hana kitu isipokuwa begi, akaweka neno lake la heshima, kisha akapendekeza mimi niweke kiti.

Kiti cha baba! Cha mvule, mikono mipana, mto wa ngozi. Ndicho pekee alichoniachia. Pale katikati kuna bonde la mgongo wake, na mgongo wangu unaingia humo humo. Nikikaa pale namkumbuka, na sioni haya kuliandika. Nikakataa. Edah akaniangalia. Nikakubali.

Jioni nimemkuta Elphas anakipima kwa shubiri. Eti anaangalia vumbi.

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi: chai bila sukari na kiazi kitamu. Kimoja!

Kufika saa sita mchana, njaa imenishinda. Lakini mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kusoma karatasi mpaka ikubali. Lorine ameandika ahadi kwenye daftari na kuibandika mlangoni: hakuna kula chakula cha kununua nyumbani, shuleni, kazini, wala popote nchini. Nikairudia mara tatu. Popote nchini! Nchi yetu inaishia kwenye geti la mpaka, pale pale ninapofanyia kazi.

Nikavuka. Dakika kumi kwa miguu na niko Uganda, kwa Phiona, nyuma ya maegesho ya malori. Mbele ana kikaango cha rolex, nyuma ana majiko ya kupikia madereva. Rolex yangu ikatoka: chapati iliyokunjwa na mayai mawili, nyanya, kitunguu. Sijawahi kuwa na furaha namna ile. Nikairudisha Kenya tumboni kama mzigo wa transiti: unapita tu, hautozwi, hauguswi.

Jioni ni maajabu. Edah ni mwalimu, anarudi saa kumi na mbili amechoka. Zamani ndiyo sababu ya zile chipsi. Leo hata robo saa haikuisha, kunde ziko mezani ndani ya hotpoti, ugali unatoa mvuke! Nikaenda jikoni kumpongeza. Jiko lilikuwa baridi. Mwanamke ana kipawa.

Elphas hakula. Kasema ameshiba. Ameshiba nini, mtu asiye na kazi?

Jumanne, 9 Septemba

Kuna jambo. Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa kwa Phiona (rolex moja, nusu ya pili). Nikainua macho. Nyuma yake, juu ya benchi, kuna hotpoti ya kijani. Mfuniko umepasuka pembeni. Ubavuni nukta tatu za rangi nyekundu ya kucha. Kila mwanamke wa kwetu hutia alama vyombo vyake visipotelee matangani. Nukta tatu ni Edah. Tumeibiwa!

Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikajiuliza nitasema nimeionea wapi. Nikafunga mdomo, maana ulikuwa umejaa pia.

Nikarudi nyumbani mbio baada ya kazi. Hotpoti iko mezani. Ina mrenda. Nukta tatu. Mfuniko umepasuka. Nikaishika, nikaigeuza, nikainusa. Edah akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia napenda umbo lake. Akaona haya, sijui kwa nini.

Mwizi gani anaiba mchana na kurudisha jioni?

Jumatano, 10 Septemba

Nimemjua. Elphas!

Ushahidi. Kwanza, ndiye pekee anayeshinda nyumbani. Pili, nilirudi saa tano kuchukua faili, nikamkuta ananuka moshi. Tatu, vidole vyake vilikuwa vya kijani. Nne, jioni hagusi chakula chetu: anashiba kwingine. Picha ni wazi. Elphas anavusha hotpoti yangu kila asubuhi, anaikodisha Uganda, anairudisha kabla Edah hajafika. Magendo, chini ya paa la wakala wa forodha!

Nikimkamata, anarudi kijijini kwao, Kwapa, kwa babu yao na begi lake, na kiti kinapona.

Asubuhi kabla ya chai nilikuwa nimeshafunga lakiri ya kontena kwenye mkono wa hotpoti, ile ya plastiki yenye namba. Edah akauliza ni ya nini. Nikasema ni ya kuzuia wezi wa matangani. Akaitazama ile lakiri muda mrefu. Nadhani aliguswa kwamba navijali vyombo vyake.

Saa saba mchana, kwa Phiona: lakiri ile ile. Tarakimu zote saba! Nikaagiza rolex ya pili kwa ajili ya uchunguzi.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimemhoji Phiona, kwa ujanja, kama mtu asiye na haja. Nikauliza hiyo hotpoti nzuri ni ya nani.

Akanijibu huku akigeuza chapati: "Hii ya mama mwalimu moja ya Kenya. Bwana yake iko mgonjwa presha, sasa mimi napikia yeye bila mafuta, naweka simsim kidogo, ile ufuta. Mama naleta hotpoti asubuhi, nachukua jioni. Huyo mzee atakufa tu, boss, lakini mama najaribu."

Kwa hiyo mteja wa Elphas ni mwalimu. Nikafikiria walimu wote ninaowajua. Hakuna hata mmoja mwenye mume mgonjwa. Nikamhurumia sana huyo bwana, kulishwa majani na mke asiyejua kama hotpoti ni ya wizi. Nikamwomba Phiona amwongezee kunde. Akasema nina roho nzuri.

Nikamuuliza kwa nini mama huyo asinunue kwao Kenya. Kasema upande wetu kila mpishi ni mzazi wa mwanafunzi wake, na maneno yangefika nyumbani kabla ya chakula. Mwanamke mwenye akili. Mume wake ana bahati.

Jioni kunde zilikuwa nyingi ajabu. Nimezimaliza kwa shida. Kesho saa kumi na moja na nusu namtega Elphas.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijui niandike nini. Naandika tu.

Nilijificha nyuma ya lori la vitunguu. Nilishika rolex ya mayai matatu, ya kujificha, nisionekane mtu wa kushukiwa. Kuila kidogo ilibidi. Saa ikafika. Nikasikia viatu. Nikachungulia.

Edah.

Moyo ulifurahi! Kumbe na yeye amemgundua Elphas, amekuja kumtega! Nikaruka kutoka nyuma ya lori, nikamwambia kwa sauti, "Mama Lorine! Na wewe unamfuatilia!" Kapu likamponyoka. Akaitazama rolex. Mimi nikamwambia ainame, tujifiche wote, mwizi anakuja.

Phiona akatutazama kwa zamu. Akamwambia Edah mimi ni mteja wake wa kila siku, mtu wa roho nzuri, ndiye aliyemwongezea bwana wake kunde jana. Akaniambia mimi kwamba huyu ndiye mama mwalimu. Kisha akauliza mgonjwa amebaki na nani.

Yai likadondoka kwenye kiatu changu.

Phiona akashika kichwa. "Mungu wangu! Mgonjwa ndiyo huyu? Na mimi nauzia yeye mayai tatu?"

Tumerudi kwa miguu, hotpoti katikati yetu, kila mmoja ameishika upande wake. Edah alikuwa analia. Alisema anatoka shuleni akiwa hana nguvu hata za kuwasha jiko, ila kila akinitazama pale kwenye kiti anamwona baba mkwe asubuhi ile, amekaa, wanamwita, haitiki. Alitaka nile vizuri, hata kama mkono si wake. Nilijisikia vibaya sana. Nikamwambia kunde zilikuwa tamu, na ni kweli zilikuwa tamu.

Bado kitu kimoja hakiniingii akilini. Kama Elphas si mwizi, ule moshi ni wa nini?

Jumamosi, 13 Septemba

Kikao. Lorine alikaa na daftari. Nilijitetea kwa kifungu cha "popote nchini". Akasema ni hoja nzuri, akaniuliza jioni nilikuwa nakula wapi. Nikasema hapa hapa, mezani. Akauliza chakula kile kilitoka wapi.

Nchini! Nilikuwa nakula cha kununua nchini kila jioni bila kujua! Edah pia. Lorine pia, sahani mbili mbili. Akahesabu, uso ukambadilika, macho yakajaa machozi, lakini hukumu akaisoma: wote tumevunja, naye akiwemo.

Hapo Elphas akakohoa.

Elphas hajavunja. Alisema alionja kunde za Jumatatu jikoni kwa ncha ya kijiko, akasikia simsim, na dada yake hajatia simsim maisha yake yote. Akatema, akaziacha. Tangu siku hiyo anapika mwenyewe kila mchana, juu ya mafiga matatu nyuma ya nyumba, kunde alizopanda mwenyewe tangu Aprili. Tukatoka kwenda kuona. Nyuma ya nyumba kuna bustani! Ina mistari! Nimeishi hapa miaka kumi na mmoja.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Shemeji, hakuna aliyeniuliza."

Amechukua simu, rimoti, na kiti. Amekaa hapo sasa hivi. Mgongo wake ni mwembamba, umezama kwenye bonde la baba kama mtoto kwenye beseni. Mimi niko kwenye stuli ya jikoni. Nimeumia kuliko nilivyofikiri. Edah amenishika bega, akasema afadhali mimi bila kiti kuliko kiti bila mimi. Maneno mazuri. Stuli ina msumari.

Jioni Elphas ametupikia wote. Mrenda, dagaa, ugali. Tamu mno, inaudhi.

Jumapili, 14 Septemba

Nesi tena. 150 kwa 94! Imeshuka! Akauliza nimebadilisha nini. Nikafikiri kwa uaminifu. Mboga nilikula jioni tu. Kutembea, ni kwenda Uganda na kurudi mara mbili tatu kwa siku, hiyo si dawa, hiyo ni njia. Kitu kipya kilichoingia mwilini mwangu kila siku wiki nzima ni kimoja: rolex.

Sikumwambia. Ugunduzi kama huu hautolewi bure mlangoni pa kanisa.

Nyumbani Lorine alikuwa ameandika ahadi mpya: hakuna kula cha kununua popote nchini wala nchi jirani. Atakayeshika mwezi mzima anarudishiwa kitu chake. Edah akasaini, anataka tamthilia. Nami nikaisoma mara tatu, nikatabasamu, nikasaini haraka. Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda kuna kipande cha barabara. Nakipita kila siku na mafaili yangu. Unakuwa umeshatoka huku, hujaingia kule. Si nchini. Si nchi jirani. Mita kama mia mbili za uhuru!

Nimempigia Phiona. Anakataa kuniuzia, kasema hataki kuua mtu. Nimemweleza kwamba ni matibabu. Amesema atafikiria. Kwa Phiona, hiyo ni ndiyo.

Kiti kinarudi, naona kabisa. Kwa dhamana mpya nimeweka kitanda, kwa kuwa siwezi kushindwa.

Elphas ameuliza godoro ni la inchi ngapi.