Mapaja Mawili ya Kushoto

Jumatano, 8 Oktoba
Jumapili wazazi wa mchumba wa Jakov wanakuja kutuona. Watu wa pwani, wamesoma. Mwanangu kaniomba kitu kimoja: mama, usiniaibishe. Nikapanda darini kuangalia mapaja yangu mawili ya nguruwe, yanayokauka tangu majira ya baridi. Moja hukatwa mezani, la pili wakwe huondoka nalo. La kushoto, zuri. La kulia, mama wee! Nimelidunga sindano ya kufumia, nikainusa: limeoza ndani. Nikakaa chini.

Kosa langu. Upepo wa kaskazini ulipovuma, na nyama inautaka kuliko hata chumvi, mimi nililionea huruma. Nikalifunika shali. Nyama!

Ijumaa, 10
Sijalala. Wifi yangu Jerka ananing'iniza yake kwenye dari lilelile, maana nyumba ilikuwa ya baba yao, yeye na mume wangu. Yake yananukia kama njugu. Kila mwaka. Kwani yeye ana mtoto wa kuoza? Hana.

Jumamosi, 11
Jerka kaenda kanisani kuungama. Mimi nikapanda kutenda. Lake moja kwangu, langu bovu kwake. Nikamwomba Mungu atazame kwingine kidogo.

Jumapili, 12
Aibu. Babu Grgo, mpima nyama wa kijiji, alikuja na sindano yake ya mfupa wa farasi, akadunga yote mawili, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Roho ikatulia. Kisha akayalaza mezani bega kwa bega, mbele ya wakwe.

“Tereza mwanangu, huyu nguruwe wako alikuwa na miguu mingapi ya kushoto?”

Wakwe walicheka. Waliponiona uso, wakaacha. Jakov akaitazama sahani yake. Ndipo Jerka akasema ni yeye aliyechanganya kamba za mapaja kule darini, macho yake siku hizi hayafai. Hakunitazama.

Jumatatu, 13
Uchumba umeshika. Wakwe wameondoka na paja la Jerka. Yeye kaja kunywa kahawa. Nilitaka kumwambia nisamehe, nikamwambia ongeza sukari.

“Ungeniomba tu, wifi,” akasema. “Ningekupa.”

Nimelia mpaka aproni imelowa. Moyo wa dhahabu ule, nami nimeutenda hivi! Sirudii tena. Mwakani ni zamu ya Mirko, mdogo wake Jakov, na wakwe wa huko nasikia ni wakali zaidi. Lakini kwenda kumsumbua wifi kwa kumwomba, baada ya wema wote huu? Sina uso huo.

Nitachukua lake la kulia.